Diski Tatu kwa Kompyuta Bubu

Macho ya Mwalimu Margwe yalipozimika kabisa, kazi ya kumsomea gazeti ilimwangukia mke wake, Yusta. Hakuna aliyempangia. Gazeti lilifika Katesh mchana na basi la kutoka Arusha, naye akitoka shambani alipitia stendi akanunua moja. Jioni, akishachota maji, akishakamua ng'ombe na kubandika maharage, alivuta kigoda karibu na kiti cha mume wake, akaanza ukurasa wa kwanza. Aliendelea hadi barua za wasomaji na matangazo ya vifo, kwa sababu Mwalimu hakupenda kurukiwa kitu.

Margwe alikuwa amefundisha miaka mingi, kwanza upande wa Dongobesh, halafu Hanang, na alistaafu akiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Ualimu haukumtoka. "Rudia hapo," alikuwa akisema. "Umepita kwenye nukta kama gari lisilo na breki." Yusta alirudia. Ugonjwa wenyewe ulikuwa presha ya macho. Ulianza pembeni, ukala uoni wake kidogo kidogo, na walipofika hospitali ya rufaa daktari aliwaambia kwa upole kwamba kilichoondoka hakitarudi.

Mwaka mmoja, kwenye palizi ya mahindi, Yusta alikuwa anasoma habari ya barabara za mkoa akasinzia katikati ya sentensi. Mwalimu alisubiri, akidhani anafuta miwani. Kisha akasikia gazeti likiteleza chini. Hakumwamsha. Harufu ya maharage yanayoungua ilipoanza, aliinuka mwenyewe, akapapasa ukuta mpaka jikoni, akakamata sufuria kwa mikono mitupu.

Yusta aliamshwa na kishindo cha sufuria. Alimkuta mume wake amesimama gizani ameinamisha kichwa, viganja vimenyooshwa mbele kama mtu anayesubiri kumwagiwa maji ya kunawa. Alimpaka asali kwenye malengelenge. Hakuna aliyemlaumu mwenzake, na usiku huo walikula ugali kwa maziwa.

Kesho yake Mwalimu alimwomba ampigie simu mtoto wao, Baltazar, aliyekuwa karani wa kampuni moja ya usafirishaji Arusha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Balta, nimesikia redioni kwamba kuna kompyuta zinazomsomea mtu kwa sauti. Ni kweli?"

"Ni kweli, baba."

"Basi nitafutie. Mama yako apumzike."

Yusta alikuwa karibu, anapepeta mchele. Alisikia, akajifanya hajasikia.

Kompyuta ilifika kwa basi wiki chache baadaye, imefungwa kwenye shuka kuukuu na kutiwa ndani ya boksi la sabuni. Ilikuwa ya mkononi, nyeusi, nzito, pembe moja imepasuka. Pamoja nayo kulikuwa na diski tatu ndani ya bahasha, kila moja imeandikwa jina lake kwa kalamu ya wino mzito: Mint, Vinux, Ubuntu.

"Mama, hiyo mashine haina Windows," Baltazar alieleza kwenye simu. Nyuma yake malori yalikuwa yananguruma. "Aliyeniuzia alifuta kila kitu. Na programu nzuri ya kusomea vipofu kwenye Windows bei yake hatuiwezi. Jamaa wa ofisini ameniambia kuna mfumo mwingine, unaitwa Linux. Hiyo ni ya bure, na ina msomaji wa sauti ndani yake."

"Ipi kati ya hizi tatu ndiyo Linux?"

"Zote, mama. Ni Linux zote, ila kila moja imepangwa kivyake. Kama unga, huyu anapika ugali, yule uji."

"Sasa sisi tunataka ipi?"

"Kusema kweli sijui. Zijaribu. Ukiweka diski, unawasha huku unabonyeza kitufe cha F12 haraka haraka. Inawaka bila kuharibu kitu. Ukiipenda ndiyo unaisakinisha ikae humo moja kwa moja. Mama, bosi ananiita."

Yusta alikaa akiitazama ile mashine. Vitufe havikumtisha. Zamani, alipokuwa msichana, alikuwa mpiga chapa kwenye ofisi ya mashamba makubwa ya ngano ya serikali, kule uwandani upande wa Basotu. Serikali ilipojitoa kwenye biashara, mashamba yaligawanywa, ofisi ikafungwa, naye akarudi nyumbani na cheti ambacho hakuna aliyekiulizia tena. Herufi za kompyuta zilikaa palepale zilipokaa kwenye taipureta. Hilo lilimpa moyo kidogo.

Moyo huo ulianza kuisha kwenye F12. Akibonyeza mapema, mashine ilipiga kelele moja kali ikanyamaza. Akichelewa, ilitoa maandishi meupe kwenye kioo cheusi kwamba haikuona kitu cha kuwashia. Aliizima na kuiwasha mpaka kidole kikauma. Mwalimu alikuwa amekaa pembeni ameinamisha sikio.

"Vipi?"

"Bado."

"Sasa?"

"Baba Balta, ikiwaka utajua."

Mint ilikuwa ya kwanza kukubali. Ilifunguka taratibu, safi, na nembo ya kijani, vitu vyake vimepangwa chini kama vyombo kabatini. Yusta aliipenda papo hapo. Alitafuta sehemu ya msomaji, akaingia mlango huu na ule, akisoma Kiingereza kwa kuhema. Hakusikia sauti. Akadhani haimo, akaitoa diski.

Siku nyingine, akitoka kupalilia, alijaribu Vinux. Rafiki wa Baltazar alikuwa amesema hii ilitengenezwa na watu kwa ajili ya wasioona, na kwamba ikiwaka tu itaanza kuzungumza yenyewe. Mwalimu alivaa koti lake la kuendea kanisani. Diski ilizunguka, taa ikapepesa, kioo kikaja. Walingoja. Ng'ombe alilia zizini. Mashine haikusema neno.

"Labda inajiandaa," Mwalimu alisema.

Walingoja tena, mpaka Yusta akaenda kuwatilia ng'ombe majani, akarudi, akamkuta bado amekaa wima ndani ya koti lake. Akamwambia alivue.

Ubuntu ilikuwa ya zambarau. Kabla ya kuijaribu alienda kwanza kwa Konsolata, mwanamke mwenye stesheneri karibu na stendi, aliyekuwa na kompyuta za intaneti na mashine ya kutolea nakala. Konsolata alikuwa mtu wa Kilimanjaro aliyemfuata mume wake, afisa mifugo, alipohamishiwa Katesh, na alizungumza haraka kuliko watu wa Hanang.

"Shikamoo mama. Hizo mbili sizijui kabisa," alisema akizigeuza diski. "Ubuntu nimewahi kuitumia, virusi vilipomaliza mashine zangu. Mimi ningesema weka hiyo. Siyo kwamba ni bora. Ila ukikwama, unakuta watu wengi duniani walishakwama palepale wakauliza. Ile nyingine ukikwama, unakwama na watu wachache."

Ushauri huo Yusta aliuelewa vizuri. Alirudi nyumbani akaisakinisha Ubuntu. Ilipouliza kama ifute kila kitu ndani ya mashine, alilisoma swali mara mbili, ingawa alijua hakukuwa na cha kufuta. Ilipotaka neno la siri, alichagua iwe inaingia yenyewe bila kuuliza, kwa kuwa mwenye mashine hataona pa kuliandika. Safari hii sehemu ya msomaji aliipata. Aliiwasha, na kila alikogusa kijimstari kilizunguka maneno, kama kidole cha mtoto anayejifunza kusoma. Msomaji alikuwa anasoma. Ila alikuwa anasoma kimya.

Alipandisha sauti hadi mwisho. Akazima, akawasha. Akaweka sikio kwenye vitundu vya spika. Mwalimu naye akaweka lake.

"Hakuna," Mwalimu alisema.

Wakampigia Baltazar. Naye alisikika amechoka. "Basi nitamwambia jamaa anichomee diski nyingine. Kuna Fedora, kuna Debian..."

"Ya nne?" Yusta aliuliza.

"Kuna nyingi sana mama, hazina idadi."

Yusta alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtoto wake. Mikono yake ilikuwa na nyufa za udongo wa shamba, mgongo ulimwaka moto, na gazeti la siku hiyo lilikuwa mezani halijafunguliwa.

Mwalimu alikohoa. Akaongea kwa ile sauti yake ya darasani. "Labda kuna mahali hukubonyeza sawasawa. Soma tena maelekezo. Taratibu, mstari kwa mstari."

"Nimesoma," Yusta alisema.

"Soma tena."

"Baba Balta, nimesoma! Nasoma gazeti lako, nasoma karatasi za dawa zako, nasoma meseji zako, sasa nasoma na hiki Kiingereza cha mashine. Nimechoka kusoma. Nimeichoka hata sauti yangu mwenyewe."

Upepo wa mlimani ulitikisa bati.

"Sikujua," Mwalimu alisema.

"Ulijua."

Mwalimu alipapasa fimbo yake, akaenda kulala.

Siku zilizofuata Mwalimu hakuomba gazeti. Yusta akivuta kigoda, alisema, "Leo acha tu," akachomeka hedifoni kwenye redio yake ndogo akageukia ukutani. Yusta alikuwa amezitamani jioni za namna hiyo kwa muda mrefu. Sasa alizipata, na alizimaliza akiwa amekaa jikoni akiangalia moto, akiogopa kuinuka asije akapiga kelele na vyombo. Walisalimiana vizuri asubuhi. Walisali pamoja. Kompyuta ilibaki mezani, imefunikwa kitambaa cha kufumwa kama vile amelala mtu.

Kisha ikaja siku ya mnada. Yusta alienda kuuza vitunguu, akachelewa, akarudi jua limeshaegemea. Alipokaribia mlango alisikia mume wake akizungumza peke yake.

"Ei," alisema Mwalimu. Akasogeza kidole. "Esi. Hapana. Esi. Di."

Yusta alichungulia. Mwalimu alikuwa mezani, kitambaa kimetupwa chini, kompyuta imefunguliwa mbele yake ikiwa imegeuka nyuma mbele: kioo kimelala upande wake, vitufe vimegeukia dirishani. Vidole vyake vyenye makovu mapya ya moto vilikuwa juu ya vitufe. Waya wa hedifoni ya redio ulitoka masikioni mwake, ukapita juu ya kifua, ukaishia ubavuni mwa mashine.

"Baba Balta."

Hakusikia. Alimgusa bega, naye akashtuka, akavua upande mmoja. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Kuna mtu humu ndani," alisema.

Yusta aliweka hedifoni sikioni. Sauti ya mwanamume, kavu na ya haraka, kama ya mtu aliyebanwa pua na mlango, ilisema kitu kwa Kiingereza. Alibonyeza kitufe. Sauti ikataja herufi.

"Umefanyaje?"

"Nilikuwa naipapasa tu. Nikakuta tundu kama la redio. Nikajaribu." Alijipangusa uso kwa mkono wa shati. "Niliwasha kwa kile kitufe ulichonionyesha. Nikakaa. Akaanza kuongea mwenyewe. Nikibonyeza, ananiambia nimebonyeza nini. Tangu umeondoka asubuhi niko naye."

"Hujala?"

"Nilikuwa nasoma," Mwalimu alisema.

Yusta alivuta kigoda. Kwanza aliigeuza mashine ikae sawa, na Mwalimu akakasirika kidogo, maana alikuwa ameshakariri kila herufi ikiwa kinyume. Kisha wakagawana hedifoni, upande mmoja mmoja, vichwa vyao vikikaribiana kwa sababu waya ulikuwa mfupi. Yusta alifungua mipangilio ya msomaji. Kulikuwa na orodha ndefu ya lugha. Msomaji alizitaja moja baada ya nyingine kadiri alivyoshuka, naye Mwalimu alizirudia kwa mdomo kama anaita mahudhurio. Huko chini wakakutana na Kiswahili. Yusta akakichagua, akafungua ukurasa mtupu, akaandika: Habari za leo Mwalimu.

Mashine iliisoma. Kila silabi ilikuwa mahali pake na hakuna hata moja iliyofanana na ya binadamu.

Mabega ya Mwalimu yakaanza kutikisika, na Yusta akadhani analia tena, kumbe ni kicheko.

"Mzungu gani huyu?"

"Huyu ni wa bure," Yusta alisema, na yeye akacheka, akacheka mpaka akashika mbavu zilizokuwa zinamuuma kwa kubeba vitunguu.

Baadaye, kicheko kilipoisha, Mwalimu alisema bila kumgeukia, "Siku ile ulisema nilijua. Nilijua. Nilikuwa naogopa kwamba usiponisomea hatutakuwa na la kuongea."

Yusta alimwambia ngoja alete chakula.

Alipoibeba mashine kwa Konsolata na kumsimulia, Konsolata aliacha wateja wake wakimlalamikia, akaingia intaneti. Kweli walikuwapo watu wengi waliokwama palepale. Alisoma, akauliza, akasoma tena. Kisha akafungua dirisha jeusi, akaandika neno moja, na ikatokea michoro ya minara midogo ya rangi, ya kupandishia na kushushia sauti.

"Mama, njoo uone. Hili tundu la hedifoni limechoka. Ndani kuna kijichuma kimelegea, kwa hiyo kompyuta kila saa inaamini kuna hedifoni imechomekwa. Ikiamini hivyo, inazima spika zake." Alibonyeza mshale mpaka kwenye mnara wa mwisho, akabadilisha neno moja. "Sasa nimeiambia isijali."

Mashine ikanguruma Kiswahili chake katikati ya stesheneri, kwa sauti ya juu kabisa kama Yusta alivyoiacha, na mzee mmoja aliyekuja kutoa nakala ya kadi ya kliniki akaruka pembeni.

"Kwa hiyo diski zote tatu zilikuwa nzima?" Yusta aliuliza.

"Zote, mama. Hata ile ya kijani. Hata hiyo ya vipofu, naamini ilikuwa inaongea tangu mwanzo, ila hamkuisikia."

Yusta alitafuta benchi akakaa. Alifikiria F12, na jioni zote zile, na Mwalimu ndani ya koti la kanisani akimngoja mtu aliyekuwa anaongea naye wakati wote.

"Sasa unaweza kuchagua upya ukitaka," Konsolata alisema. "Ile ya vipofu inaweza kumfaa zaidi."

"Iliyomo ibaki," Yusta alisema. "Nimeshazoea kukwama nayo."

Basi ikabaki. Konsolata alimpakulia habari za magazeti kwenye flashi kila Jumamosi, na Mwalimu alizisoma wiki nzima kwa spidi aliyoipandisha mwenyewe hadi Yusta akawa haelewi neno. Mchana alijifunza kuandika. Yusta alimshika vidole kama yeye alivyoshikwa na mwalimu wake wa kupiga chapa, akamwonyesha vile vinundu viwili kwenye F na J ambapo vidole vya shahada vinatakiwa kurudi kila mara. Mwalimu alikuwa mwanafunzi mbishi. Alitaka kutumia kidole kimoja cha kulia kwa kila kitu.

"Rudi nyumbani," Yusta alimwambia kila kidole kilipopotea, akikigonga kidogo.

"Usinipige."

"Wewe uliwapiga wangapi?"

Jioni zilikuwa za Yusta sasa. Alilala mapema, akisikia ile sauti kavu ikiendelea kupitia ukutani, na hakuona vibaya. Mgongo ulipungua kuuma. Alianza tena kuimba alipokuwa anakamua, bila kujijua.

Lakini mashine ilikuwa na mahali isipofika. Mwezi wa sita, Mwalimu alikuwa anasikiliza matangazo ya vifo, Yusta anapita na ndoo. Mashine ilifika kwenye jina ikatoa sauti kama ya mtu anayepiga chafya, ikaendelea mbele. Yusta alisimama.

"Irudishe."

"Nini?"

"Hilo jina. Irudishe nyuma."

Mwalimu alirudisha. Mashine ikapiga chafya tena. Yusta aliweka ndoo chini, akainamia kioo, akasoma mwenyewe. Ilikuwa Tluway. Mwalimu Tluway wa Dongobesh, aliyefundisha darasa la jirani na Margwe walipokuwa vijana, aliyesimama naye siku ya harusi yao. Mazishi yalikuwa kesho yake.

"Nimelisikia tangu juzi," Mwalimu alisema polepole. "Nimelipita mara mbili. Nilidhani ni takataka za mashine."

Walipanda gari la alfajiri. Kule Dongobesh Mwalimu alishika udongo kwa kiganja chake akautupa mahali alipoelekezwa, na watu wakaja mmoja mmoja kumsalimia wakitaja majina yao, kwa sababu hakuwaona. Majina yote ya kwao, yale yenye sauti za kooni na za pembeni mwa ulimi. Alimjua kila mmoja kwa kutajiwa jina mara moja.

Tangu hapo hawakuweka mpango wowote, ila siku ambayo Yusta hakuchoka sana alikaa karibu na mume wake akichambua maharage wakati mashine inasoma. Ikipiga chafya, aliinua kichwa, akalisoma jina linavyotakiwa, akarudi kwenye maharage yake. Siku nyingine zikapita bila yeye kukaa, na Mwalimu hakuuliza.

Mvua za vuli zilipokaribia, Baltazar alikuja na mkewe na mtoto. Alimkuta baba yake anaandika, polepole sana, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo. Alikaa kando akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda jikoni kwa mama yake.

"Mama, nisamehe. Nilikuachia diski tatu na simu nikakata."

"Ni mimi niliyekata," Yusta alisema. "Shika hiki kisu, menya vitunguu."

Jioni yake, wote wakiwa sebuleni na Baltazar ameiunganisha mashine na intaneti ya simu yake, kidirisha kilichomoza katikati ya kioo na mashine ikasema kitu kirefu kwa lafudhi yake. Mwalimu akaondoa vidole kwenye vitufe.

"Mama Balta, inasemaje? Imechanganya Kiingereza."

Yusta alivaa miwani akasogea. "Inasema kuna toleo jipya la Ubuntu limetoka. Inauliza kama tunalitaka."

Baltazar alichangamka. "Mama, toleo jipya huwa zuri! Tungeweza kulishusha hata kesho pale kwa..."

"Tunalitaka?" Mwalimu alimuuliza mke wake.

"Hatulitaki."

"Basi."

Yusta alikifunga kile kidirisha. Mjukuu akaomba abonyeze kitufe asikie mashine ikisema, naye babu yake akamsogezea kiti.